Fahali Wawili Walipopigana Kwetu: Upinzani wa Watu wa Nyanza Kusini, 1914 hadi 1921

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walituachia methali mbili juu ya vita vya watu wengine. Ya kwanza ni "Vita vya panzi, furaha ya kunguru." Ya pili ni "Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi." Ukizisikia haraka haraka utadhani zinagombana. Moja yasema kwamba maadui zako wakipigana, wewe kaa ufurahi. Nyingine yasema wewe ndiwe utakayeumia. Basi katika makala haya nataka kuonyesha kwamba mwaka wa 1914 wazee wetu wa sehemu hizi za Migori na Homa Bay, pamoja na jirani zetu Abagusii, walizionja methali zote mbili. Walianza na ile ya panzi, wakaishia kwenye ile ya fahali.

Sababu ya kuandika ni hii. Darasani tukiulizwa mfano wa harakati za upinzani katika nchi iliyokaliwa na adui wakati wa vita, karibu sote tunajibu kitu kimoja: Ufaransa chini ya Wajerumani, 1940 hadi 1944. Jibu hilo ni sahihi na alama zake utapata. Lakini wengi wetu hatujui kwamba vita vya dunia vilifika hapa hapa, Karungu na Kisii, na kwamba palikuwa na watu waliokataa kutii. Na hata wanaojua, wanawataja kwa kicheko. Hoja yangu ni moja tu: mizani tunayowapimia Wafaransa ndiyo tuwapimie wazee wetu. Tusiongeze jiwe upande wao, wala tusiondoe.

TUANZE NA MAANA

Nchi iliyokaliwa ni nchi ambayo jeshi la kigeni limeingia kwa nguvu, likaweka watawala wake, likatoza kodi na kuwaamuru wenyeji kazi. Harakati za upinzani ni pale wenyeji wanapokataa hali hiyo kwa pamoja. Nikisoma habari za nchi mbalimbali nimeona dalili nne ambazo hazikosekani:

1. Kuna utawala uliowekwa kwa nguvu, si kwa hiari ya watu.
2. Kuna watu wanaokataa amri zake, wawe na silaha au wasiwe nazo.
3. Kuna ujumbe unaowaunganisha, yaani jambo wanaloliamini pamoja.
4. Utawala wenyewe unawaogopa, ndiyo maana unawakamata na kuwaadhibu.

Tushike hizo dalili nne mkononi kama rula. Tutazitumia kupimia.

JE, SISI TULIKALIWA?

Mwenzangu mmoja wa darasani aliposoma rasimu ya makala haya alinipinga. Alisema, "Wewe, acha bwana. Sisi hatukukaliwa kama Ufaransa. Sisi tulikuwa koloni." Pingamizi lake ni zuri na linahitaji jibu.

Kwanza, Kenya ilifanywa koloni mwaka wa 1920. Wakati wa vita ilikuwa bado inaitwa Himaya ya Afrika ya Mashariki. Pili, hebu tuangalie ilivyotwaliwa. Mwaka wa 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana huko Ulaya wakachora mstari kutoka pwani ya Bahari ya Hindi hadi ziwani. Mstari huo ulipita hapa kusini mwa Migori. Uliwakata Wakuria, wengine wakawa upande wa Kehancha na wengine upande wa Tarime. Uliwatenga Waluo wa Muhuru na ndugu zao wa Shirati. Hakuna mzee hata mmoja wa Kikuria au wa Kiluo aliyeitwa kuulizwa.

Halafu Waingereza wakafungua kituo cha utawala Karungu, kando ya ziwa, na baadaye wakahamia Kisii. Sehemu nzima wakaiita Kavirondo Kusini. Je, watu walikubali kwa hiari? La hasha. Mwaka wa 1905 askari wa Waingereza walipigana na Abagusii. Januari 1908 kijana aitwaye Otenyo wa Kitutu alimchoma mkuki mtawala Mwingereza, Northcote. Northcote hakufa, lakini kikosi kilitumwa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa na watu wengi wakauawa.

Sasa fanya hesabu. Kutoka 1908 hadi 1914 ni miaka sita. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa Otenyo ndio kwanza alikuwa anaanza kung'oa meno ya utoto. Kwa hivyo vita vilipoanza, watu hawakuwa wamesahau. Nyumba zilizochomwa walizikumbuka, na kila mwaka walidaiwa kodi ya nyumba ya rupia 3, iliyopanda hadi rupia 5 wakati wa vita. Kwa hiyo dalili ya kwanza tumeipata.

SEPTEMBA 1914: PANZI WAPIGANA

Waingereza na Wajerumani waliingia vitani tarehe 4 Agosti 1914. Chanzo kilikuwa Ulaya, mbali kabisa na Ziwa Victoria. Lakini Wajerumani walikuwa Shirati, karibu sana na mpaka, na Waingereza walikuwa Kisii. Mwezi wa Septemba kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka. Karungu ikaguswa, na meli ya Waingereza iliyoitwa Winifred ikakabiliana na boti ya Wajerumani yenye mizinga, iliyoitwa Muansa, katika maji yale yale ambayo leo wavuvi wetu wanatega mbuta na omena.

Wajerumani walisonga hadi Kisii. Maofisa Waingereza wakafunga virago wakatoka. Tarehe 12 Septemba 1914 askari wa King's African Rifles waliotoka upande wa Kisumu walipambana na Wajerumani karibu na mji. Kapteni Thorneycroft wa Waingereza aliuawa. Wajerumani nao waliumia vibaya, wakarudi nyuma kuelekea mpaka.

Hapa nataka tutulie kidogo tujiweke mahali pa mwananchi wa wakati ule. Kwa miaka kadhaa umeambiwa kwamba Mzungu hashindiki. Leo unamwona Mzungu akimkimbia Mzungu. Ofisi iko tupu. Aliyekuwa akidai rupia zako hayuko. Ungefikiri nini? Watu waliona kwamba utawala umekwisha. Abagusii wakaingia mjini wakavunja maduka, ofisi na nyumba za serikali, na vituo vya misheni navyo vikaporwa. Panzi walikuwa wanapigana, na kunguru akafurahi.

Wapo watakaosema kwamba huo ulikuwa wizi tu. Sehemu moja nakubali. Aliyebeba gunia la chumvi dukani hakuwa anapigania uhuru, alitaka chumvi. Lakini watu hawakwenda kuporana wao kwa wao. Walikwenda penye ofisi ya kodi na penye nyumba za waliokuwa wakiwatawala. Hiyo inatuambia kitu.

Furaha haikudumu. Waingereza walirudi na jeshi. Nyumba zikachomwa, ng'ombe wakatwaliwa kama faini, na watu wakauawa. Nyasi zikaumia. Wajerumani walikuwa wamekwenda zao, na hawakuwa wamekuja kumkomboa mtu. Walikuja kumpiga fahali mwenzao.

MUMBO: UJUMBE KUTOKA ZIWANI

Dalili ya tatu ni ujumbe. Huu tunaupata kwa Mumbo.

Mwaka wa 1913, mwaka mmoja kabla ya vita, mtu aitwaye Onyango Dunde wa Alego, ng'ambo ya Ghuba ya Winam, alitoa habari ya ajabu. Alisema nyoka mkubwa sana alitoka ziwani akammeza, kisha akamtapika mzima. Nyoka huyo ndiye Mumbo, na alimpa ujumbe wa kuwapelekea watu. Ujumbe wenyewe kwa ufupi ulikuwa hivi: dini ya Wazungu ni mbovu na mavazi yao hayafai, watu waache nywele zikue, warudie mavazi ya ngozi, wachinje mifugo wale, kwa kuwa Mumbo ataleta mingine kutoka ziwani, na Wazungu watatoweka nchini.

Habari hizo zilivuka ghuba zikafika huku Nyanza Kusini, kwa Waluo na kwa Abagusii. Abagusii tayari walikuwa na kumbukumbu ya mtabiri wao Sakawa, ambaye wafuasi wake waliamini kwamba siku za wageni zina mwisho. Kwa hivyo Wajerumani walipowafukuza Waingereza Kisii Septemba ile, waumini wa Mumbo waliona utabiri umetimia.

Najua mnacheka. Hata darasani watu walicheka. Nyoka kumeza mtu na kumtapika! Kuacha nywele na kuchinja ng'ombe! Na mimi sisemi kwamba tuamini. Kuchinja mifugo ukingoja mingine itoke majini ni njia ya kujiletea njaa. Hilo ni kosa, na upinzani ukikosea tuseme umekosea.

Lakini angalia ujumbe ule kwa jicho la pili. Serikali ilitaka nini kwa mtu wa kawaida? Ilitaka afanye kazi ya Mzungu ili apate rupia, alipe kodi, avae kaptura na kumtii chifu aliyewekwa. Sasa Mumbo akasema nini? Kila kitu kinyume. Mtu mwenye nywele ndefu na vazi la ngozi alikuwa anatangaza, bila kufungua mdomo, kwamba yeye si wao. Hakuwa na bunduki. Mkuki wa Otenyo ulikuwa umejaribiwa na majibu yake yalionekana. Kilichobaki kwa mtu yule kilikuwa mwili wake na kile anachokiamini, na kwa hivyo viwili akakataa.

Tena tusisahau kwamba Mumbo hakuwa peke yake. Miaka minane kabla yake, huko kusini mwa Tanganyika, Kinjikitile wa Ngarambe aliwapa watu maji yaliyodhaniwa yangewakinga na risasi. Hiyo ndiyo Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Maji hayakuzuia risasi. Lakini yaliunganisha makabila mengi ambayo hayakuwa na mfalme mmoja wala jeshi moja. Imani ilifanya kazi ambayo leo ingefanywa na chama.

KARIAKO: KUKATAA KWA MIGUU

Vita viliendelea hadi 1918. Hakukuwa na barabara za kutosha wala malori, na punda na farasi walikufa kwa mbung'o. Kwa hiyo mizigo ya jeshi ilibebwa na vichwa vya watu. Kikosi cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Waswahili wakalitamka jina hilo Kariakoo, na huku kwetu Kariako. Ndiyo asili ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Vilevile K.A.R. kwa Kiluo ikawa Keya. Wapenzi wa lugha, muone jinsi neno linavyoweza kubeba kaburi ndani yake.

Mwanzoni wengine walikwenda kwa hiari, wakitafuta mshahara. Mwaka wa 1915 ikatungwa sheria ya kuwalazimisha watu. Mwaka wa 1917 msako ukawa mkubwa zaidi chini ya John Ainsworth, ambaye alikuwa ametawala Nyanza kwa miaka. Machifu waliambiwa idadi ya vijana wanaotakiwa, na ilikuwa lazima itimie. Nyanza ilitoa watu wengi mno. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Wapagazi waliokufa kutoka nchi yetu pekee wanakadiriwa kuwa zaidi ya 40,000, na makaburi yao mengi hayana majina. Mwaka wa 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri wazi kwamba Waafrika na Waasia wengi sana waliokufa katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina kama walivyokumbukwa Wazungu.

Ndipo watu wakaanza kukimbia. Chifu akija mchana, kijana yuko kichakani. Akija usiku, kijana yuko kwa wajomba. Serikali ikawaita watoro.

Neno hilo lipo nyumbani kwetu. Nyanya yangu huko karibu na Karungu husimulia kwamba babu yake alijificha katika vilima vya Gwassi wakati wa Kariako. Alikaa huko akila matunda na chakula alichopelekewa na dada yake usiku. Alirudi mzima, akaoa, na ndiyo maana mimi nipo nikiandika. Lakini Nyanya akisimulia haishii hapo. Chifu alipomkosa, alimchukua kijana wa boma la jirani, kwa sababu idadi ilikuwa lazima itimie. Yule kijana hakurudi. Nyanya asema babu yake alimlimia shamba mama wa yule kijana kila msimu hadi mama huyo alipofariki, na hakuna siku walilizungumzia jambo hilo.

Nilimuuliza, "Nyanya, sasa babu yako alikuwa shujaa au mwoga?"

Akanijibu, "Mjukuu wangu, mimi najua alilima."

Jibu hilo limenisumbua sana. Vitabu hupenda kutuonyesha upinzani kama jambo safi, mzalendo upande huu na msaliti upande ule. Kumbe mtu akikataa amri ya dhalimu, mzigo hauanguki chini. Mara nyingi dhalimu huuchukua akauweka kwenye kichwa cha jirani. Kosa ni la nani? Mimi nasema ni la aliyeweka idadi. Lakini aliyekimbia hakulala usingizi mzuri, na aliyebaki na jembe la jirani shambani mwake alijua kwa nini liko pale.

LAMU NA KISII: WAFUNGWA WANAPISHANA

Sasa tuje kwenye dalili ya nne. Je, serikali iliwaogopa watu hawa? Kama Mumbo lilikuwa jambo la kuchekesha tu, wangewaacha wacheke. Hawakuwaacha. Waliwakamata mara kwa mara, na mwaka wa 1921 baadhi ya viongozi walihamishwa hadi Lamu. Ukipima kwenye ramani kwa mstari ulionyooka, kutoka Kisii hadi Lamu ni kama kilomita 700. Hata mwaka wa 1954, miaka arobaini baadaye, Mumbo ilikuwa bado miongoni mwa dini zilizopigwa marufuku. Mtu hapigi marufuku kichekesho kwa miaka arobaini.

Na hapa kuna jambo ambalo nilipolisoma nilishangaa sana. Mwaka wa 1913 huko pwani, Mekatilili wa Menza aliwaapisha Wagiriama wasitoe vijana kufanya kazi za Waingereza wala wasitii machifu wao. Alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola. Walipelekwa wapi? Walipelekwa Kisii! Januari 1914 walitoroka wakarudi Ugiriama kwa miguu, safari ya zaidi ya kilomita 600. Agosti 1914, vita vya dunia vikianza, Waingereza walilipua Kaya Fungo kwa baruti, na Wagiriama wakainuka.

Basi mnaona? Mpinzani wa pwani analetwa Kisii, mpinzani wa Kisii anapelekwa pwani. Serikali ilijua kwamba mtu akitolewa mahali ambapo lugha yake inasikika, maneno yake yanakatika. Walidhani mtu wa Giriama na mtu wa Gusii hawana la kuambiana. Leo sisi wa chama hiki tunasoma habari za Mekatilili na za Mumbo kwa lugha moja, ukurasa mmoja.

TUWALINGANISHE NA WENGINE

Ufaransa ilishindwa na Wajerumani Juni 1940. Kwanza wapinzani walikuwa wachache na wametawanyika. Februari 1943 ikatolewa sheria ya kuwapeleka vijana kufanya kazi ya lazima Ujerumani. Maelfu ya vijana wakakimbilia milimani na misituni. Hao ndio wakaongeza nguvu ya makundi yaliyoitwa Maquis. Mwezi wa Mei mwaka huo Jean Moulin alifanikiwa kuyaunganisha mavuguvugu makubwa ya upinzani katika baraza moja. Alikamatwa mwezi uliofuata, akateswa, akafa. Pia walikuwa na msaada kutoka Uingereza: redio, pesa na silaha za kuangushwa kwa ndege.

Soma tena sentensi moja hapo juu: vijana walikimbia kazi ya lazima wakajificha milimani. Huko Ufaransa wanaitwa wapiganaji wa uhuru. Gwassi wanaitwa watoro. Nimetafuta tofauti ya kitendo chenyewe nikaikosa. Tofauti iko katika yaliyofuata, kwamba Mfaransa alikuta msituni bunduki na shirika, na babu yake Nyanya alikuta matunda tu.

Karibu na sisi zaidi ni Ethiopia. Italia iliivamia Oktoba 1935 na kuingia Addis Ababa Mei 1936. Wapinzani walioitwa Arbegnoch, yaani wazalendo, walipigana milimani miaka mitano. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Abebe Aregai. Mei 1941 mfalme Haile Selassie alirudi Addis Ababa, na katika majeshi yaliyowashinda Waitalia mlikuwa na askari Waafrika kutoka Kenya. Angalia kichekesho cha historia: Keya walisaidia kukomboa nchi ya Waafrika wenzao wakati kwao wenyewe bado hakujakombolewa.

Na huko Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, mhubiri John Chilembwe alilalamika gazetini mwaka wa 1914 kwamba Waafrika wanakufa katika vita visivyo vyao. Januari 1915 akainua silaha. Wiki mbili hazikwisha akawa ameuawa.

KWA NINI YA KWETU HAIKUFAULU?

Sababu ni nyingi, nitataja tatu. Kwanza, hakukuwa na shirika moja. Abagusii, Waluo na Wakuria kila mmoja alikuwa na lake, na mipaka ya utawala iliwatenganisha zaidi. Pili, hakuna aliyewapa silaha wala msaada. Fahali wote wawili walikuwa wageni, na kila mmoja alitaka shamba. Tatu, ujumbe wa Mumbo uliwaambia watu wangoje. Ulisema Wazungu watatoweka, haukusema watu wafanye nini wasipotoweka.

Hata hivyo, kukataa hakukufa. Tarehe 23 Desemba 1921, mwaka ule ule viongozi wa Mumbo walipopelekwa Lamu, watu walikutana Lundha, huko Gem. Jonathan Okwiri na wenzake, vijana waliosoma shule za misheni, wakaanzisha Young Kavirondo Association. Wananchi wakaiita Piny Owacho, maana yake "nchi imesema". Hawa hawakuacha nywele wala kuchinja ng'ombe. Walidai kwa maandishi na kwa mikutano: kodi ipunguzwe, kipande kiondolewe, kazi ya lazima ikome, shule ya serikali ijengwe. Julai 1922 Gavana Northey alikuja mwenyewe Nyahera kuwasikiliza, na mwaka huo kodi ikashuka kutoka shilingi 16 hadi 12.

Wengine watasema, "Si unaona? Waliosoma ndio waliofanya kazi ya maana." Mimi naona tofauti kidogo. Waliyodai Lundha, yaani kodi, kipande na kazi ya lazima, ni yale yale ambayo wa nywele ndefu na wa Gwassi walikuwa wakiyakataa tangu zamani. Kilichobadilika ni njia. Piny Owacho waliongeza kalamu na mkutano juu ya kukataa kulikokuwako.

FUNZO

Wenzangu, tukirudi kwenye rula yetu, dalili zote nne zipo: utawala wa nguvu, watu waliokataa, ujumbe uliowaunganisha, na serikali iliyoogopa. Kwa hivyo mkiulizwa mfano wa upinzani katika nchi iliyokaliwa wakati wa vita, andikeni Ufaransa, andikeni Ethiopia, halafu andikeni Nyanza Kusini 1914. Mwalimu hatakosa kutia vema.

Na zile methali mbili? Nadhani sasa tunaweza kuziunganisha. Kunguru anafurahia vita vya panzi kwa sababu ana mabawa, anaweza kuruka akaenda zake. Nyasi haziwezi kuondoka. Wazee wetu walidhani wao ni kunguru wakajikuta ni nyasi. Lakini nyasi zina sifa moja ambayo fahali hana: zikikanyagwa leo, mvua ikinyesha zinaota tena mahali pale pale. Wajerumani wameondoka, Waingereza wameondoka, sisi tupo.

Kabla sijaweka kalamu chini, nawaachia maswali ya kujadili katika kikao cha chama:

1. Je, mtu anayekataa amri akijua jirani yake ndiye atakayeadhibiwa, amefanya vema au vibaya? Toa sababu.
2. Linganisha Mumbo na Maji Maji. Imani iliwasaidia watu vipi, na iliwadhuru vipi?
3. Muulize mzee mmoja wa kwenu: ni nani katika ukoo wenu aliyekwenda Kariako au Keya, na ni nani aliyejificha? Andika majina yao kabla hayajapotea.

Hilo la tatu, tafadhali, msingoje mpaka likizo ya Desemba. Wazee wetu hawatungoji.